Ugomvi wa shamba tuliourithi kwa babu: tuanzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Babu yetu na nduguye waligombania shamba la minazi. Wote wameshafariki, lakini mpaka leo watoto na wajukuu hatuzikani wala hatualikani harusini. Baadhi ya wazee wanataka twende kwa kadhi, wengine wanasema tusameheane yaishe, na wapo wanaotaka isomwe Halbadiri, kisomo cha kuwaapiza wenzetu. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Halbadiri iwekeni kando. Hao mnaotaka kuwaapiza ni damu yenu.

Kadhi na msamaha havipingani. Shamba ni mali ya mirathi, na huenda mna fungu la shangazi ambaye hajapewa hata nazi moja. Hilo halifutwi kwa wanaume kupeana mikono. Hakuna awezaye kusamehe haki isiyo yake. Hesabu ipelekwe kwa kadhi, kwani Suratul Hujurat aya ya 9 inataka suluhu iwe ya uadilifu.

Lakini kadhi atawagawia minazi tu, hatawafanya mzikane. Makabila ya Aus na Khazraj wa Yathrib, yaani Madina, yalipigana miaka mingi, mpaka vita vya Bu'ath, kisha Uislamu ukayaunganisha. Hata hivyo, wapokezi wa Sira, historia ya Mtume, wanaeleza kuwa Shas bin Qays, mzee wa Kiyahudi aliyechukizwa na umoja wao, alimtuma kijana akaketi nao, akawasomea mashairi ya vita hivyo. Mashairi tu! Wakaitana kwenda kuchukua silaha, mpaka Mtume (s.a.w.) alipowafikia na kuwakumbusha, wakalia na kukumbatiana. Basi kisa cha nani alimdhulumu babu kisimulieni kwa kadhi, si kwa watoto.

Na katika Hotuba ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Mtume alipofuta visasi vyote vya zama za ujahilia, hakuanza na vya wengine. Alianza na damu ya mtoto wa Rabia bin Harith, binamu yake; mtoto huyo aliuawa na watu wa kabila la Hudhayl. Alianza na dai la nyumbani kwake. Hapo ndipo penye uzito, ndugu yangu, maana sote hupenda mwenzetu ndiye atangulie.

Kwa hiyo anza wewe uliyeuliza. Ukikutana nao msikitini, watolee salamu hata wasipoitikia. Ukitokea msiba kwao, msingoje kuitwa: nendeni mapema, mshike majembe mchimbe kaburi pamoja nao. Kesi ya shamba iendelee kwa kadhi, na atakachoamua kiandikwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.

Wallahu a'lam.