Barua kwa mwanangu aliye Frimasoni

Newala, Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne. Nilipoona neno Frimasoni niliikunja haraka nikaifunga kwenye pindo la kanga, maana mjomba wako alikuwa amekaa pale pale barazani. Kesho yake nikamwambia mwenyewe. Jambo la mtoto wa dada huku kwetu halimpiti mjomba, nawe unajua. Alinyamaza kwanza, akatazama mikorosho, kisha akauliza kama umeshatoa kafara, na kama kafara hiyo ni yeye. Nikamwambia, kaka, mtoto ambaye mwaka jana alituma nusu ya hela ya salfa, dawa ya mikorosho, na kuomba radhi kwa nusu iliyobaki, utajiri wa kafara kaupeleka wapi? Akacheka mpaka akakohoa. Nikamkumbusha na marehemu Andy Chande, yule aliyefariki mwaka 2017, alikuwa mkubwa wenu Afrika Mashariki nzima na hakuwahi kujificha. Basi hapa nyumbani limekwisha. Mtaani silitangazi, lakini nikiulizwa sitakana.

Halafu wewe mwenyewe umeniandikia kwamba wakubwa wa chama chenu walianza kwa loji nne, yaani matawi manne, kukutana kwenye kilabu cha pombe London mwaka 1717. Nikajisemea, kumbe ni kama pombe yetu ya uraka tu, watu walichokuwa wanaogopa ni nini?

Sasa swali lako. Umesema leo ni Wadeni Mdogo, mwakani utakuwa Mkubwa, na mwaka unaofuata, wakikupigia kura, utakalia kiti cha Masta, mkuu wa loji. Umesema wazee wale wale wawili wamekuwa wakipokezana kiti hicho kwa sababu nyuma yao hakuna aliyeiva, na sasa wamekutwisha wewe kazi ya kuandaa vijana. Ukauliza, "Mama, nyie makungwi mnampataje nyakanga mwingine wa kuongoza unyago bila ngoma kulala?" Nilicheka peke yangu. Wanaume wa aproni na glavu nyeupe, loji ambayo mimi mwanamke sikaribishwi, wamekuja kuomba maarifa unyagoni.

Nitakujibu yale yasiyofungwa. Ya ndani ya ngoma sikuambii, na ya kwenu sikuulizi.

Ngazi uliyonichorea nimeielewa. Mtu anaanza ustiwadi, anahudumia mezani. Kisha analinda mlango kwa ndani, kisha dikoni mdogo, dikoni mkubwa, wadeni mdogo, wadeni mkubwa, ndipo anakuwa Masta, na hapo anakaa mwaka mmoja, akizidisha sana miwili mfululizo. Ulipoandika kwamba Masta ndiye anayewateua karibu wote hao wa chini, nikaiweka barua chini. Mwanangu, hebu hesabu. Kila mtu akipanda ngazi moja kwa mwaka, huyo aliyewekwa mlangoni leo ndiye Masta baada ya miaka mitano. Masta wenu alidhani anatafuta mtu wa kufungua mlango, kumbe anachagua mkuu wa loji. Nami naapa alimchukua yeyote aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

Kwetu anayebeba maji ya ngoma hachukuliwi hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba maji na kuni tu, na maji ya Newala enzi zile ulikuwa unayafuata bondeni, mnaondoka usiku, mnapanda mlima na ndoo kichwani jua likichomoza. Nililia, nikaona nimeonewa, mimi niliyekuwa na sauti kuliko wenzangu wote. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua bibi nyakanga alikuwa na mtu wake kwenye msafara ule, na kila tulipoingia alimuuliza pembeni: nani kamtua mwenzake ndoo? Nani kasema ya jana, ya wari, njiani? Nani kanuna? Habari ya sauti hakuuliza hata siku moja. Sauti, alikuja kuniambia, inafundishika.

Kwa hiyo ukikalia kiti usianze na huyo aliye chini yako kidogo. Anza na stiwadi. Mtazame anavyomhudumia mzee asiye na cheo chochote.

Jambo la pili ni haya maneno mnayokariri. Umesema kijana wenu mmoja anaweza kusimama akasema kurasa nzima bila kitabu, na kwa hilo kila mtu anamwona ndiye Masta ajaye. Sisi nyimbo zetu hazijaandikwa popote, kwa hiyo kukariri sikudharau hata kidogo. Kungwi asiyejua nyimbo ni mpiga kelele. Ila nimemwona kungwi mwenye nyimbo zote kichwani, mvua ikanyesha wari wakiwa nje, akasimama hajui aseme nini, kwa kuwa mvua haimo kwenye wimbo. Mpe kijana huyo kitu kisichokaririwa. Mpe hela ya chakula cha mkutano ailetee hesabu. Mtume kwa yule ndugu aliyeacha kuja miezi mitatu, akamsikilize, asimhubirie. Umesema mna mtu wa kuwaangalia wagonjwa na wajane: mfuatishe naye. Mtu aliyekwisha kaa kwenye mkeka wa mjane akiongoza anaongoza tofauti.

Na hesabu na funguo zisikae kwa mmoja. Chama chetu cha msingi kimoja hapa wilayani, sikitaji, kilikuwa na karani aliyejua yeye tu daftari gani lina deni la nani. Akaugua katikati ya msimu, korosho ziko ghalani, mnada umepita, wakulima tunazunguka wiki tatu kuuliza malipo. Hakuwa mwizi. Alikuwa anapenda kuhitajiwa tu, na hiyo ni tamaa ambayo hata mimi ninayo.

Hapo ndipo ninapotaka nikuambie lililo gumu, na ndilo lililonifanya nichukue karatasi ndefu.

Mwaka niliopewa ngoma niiongoze, bibi nyakanga hakuondoka. Alikaa karibu na kinu, kwenye kigoda chake, eti anatazama tu. Nikikosea, anakohoa. Nikichelewa, anakohoa. Wanawake wakaacha kunitazama mimi, wakawa wanasikiliza kikohozi. Siku ya tatu nilisahau mahali nilipokuwa, mate yakakauka, na kabla sijafungua kinywa yeye akaushika wimbo kwa sauti yake na uwanja mzima ukamfuata. Ngoma ilipendeza mno siku ile. Mimi nilikwenda kulala nyuma ya ghala.

Usiku akanifuata. Sikuwa na heshima, nikamwambia, bibi, kama ngoma bado ni yako ichukue. Alikaa kimya sana. Asubuhi nilimkuta kabeba kigoda chake kakihamishia jikoni, upande usioona uwanja, anasonga ugali wa makopa. Nikamfuata mchana kumuuliza wimbo fulani. Akanifundisha pale pale kwenye moshi, taratibu, hakuna aliyetusikia. Mpaka ngoma inakwisha hakutoka.

Wewe umeniandikia kwamba Masta akimaliza mwaka wake anakaa mkono wa kushoto wa Masta mpya, na huyo akisahau maneno yeye ndiye anayemnong'oneza. Ni utaratibu mzuri, sina neno nao. Lakini kunong'oneza kuna namna. Kuna kumpa mtu neno moja lililomponyoka, na kuna kukohoa. Wazee wako wawili hao, mimi sijawaona, ila nasikia kikohozi chao mpaka huku Newala. Nyuma yao hakuna aliyeiva kwa sababu hakuna aliyewahi kuachiwa kukosea mpaka mwisho. Zungumza nao mmoja mmoja, kwa heshima, usiwaseme kikaoni. Waombe kila mmoja amchukue kijana mmoja amfundishe nyumbani, siku za katikati, mbali na macho ya watu. Mzee akipewa mtoto wa kulea huacha kiti bila kusukumwa.

Usidhani nasema kwa kuwa mimi nimeshinda. Msaidizi wangu wa kwanza nilimpoteza hivyo hivyo, nilimkata maneno mbele ya wari, akafunga kanga yake akaondoka, sasa anaongoza kikundi cha kuweka na kukopa na anakiongoza vizuri kuliko nilivyotegemea. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa adabu sana. Adabu ile inaniuma.

Na yule asiyefaa ambaye zamu imemfikia? Asipande. Mwache palepale mwaka mwingine, umwambie kwa nini, uso kwa uso.

Wari wa mwaka huu wanaingia likizo hii. Ngoma nimempa binti wa shangazi yako mdogo, yule mnene aliyekuwa akikubeba mgongoni. Mimi nitakuwa jikoni. Nimeshawaambia wanipangie mpunga wa kupepeta mwingi, tena upande usioona uwanja, na jana nimenunua dawa ya kifua.

Salfa usiisahau safari hii, mwezi ujao tunaanza kupulizia. Mjomba wako anataka kuuza magunia mawili kwa walanguzi wa kangomba korosho zikiwa bado maua. Nimemkatalia, lakini mpigie na wewe, wewe anakuogopa sasa. Ming'oko nitampa dereva wa basi la Alhamisi.

Mama yako