Tope lisilale ukingoni

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: kama jiji lako lingekuwa na fedha ya kazi moja tu mwaka huu, ungetaka ifanyiwe nini? Najua wengi watataja lami, taa za barabarani na masoko, na wana haki. Mimi naomba lori. Naomba lori la tipa la kubeba tope linalotolewa mitaroni, lifike siku ileile tope linapotolewa, na kazi hiyo iwe imekwisha kabla Machi haijaingia.

Mimi ni fundi cherehani Dar es Salaam, bondeni, upande ambao maji yote yanateremka kuelekea Mto Msimbazi. Kibanda changu kiko hatua mbili kutoka kwenye mtaro wa barabara. Nina daftari la vipimo. Kurasa za mbele ni mabega, viuno na urefu wa mikono ya wateja, na kurasa za nyuma ni tarehe za mtaro: siku ulipofurika, siku ulipozibuliwa, siku maji yalipoingia ndani na yalifika wapi. Sikuanza kuandika ili nimshtaki mtu. Nilianza kwa sababu mteja mmoja aliniuliza, "Fundi, hiyo mvua unayosema iliharibu kitambaa changu ilinyesha lini?" nikakosa jibu, akaondoka akiamini nimekiuza.

Mtaro ukiziba, neno la kwanza utakalosikia ni mifuko na chupa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, zile rambo zilizokuwa zikielea kila mahali zimepungua sana, na mtaro wetu bado unajaa. Unajaa mchanga. Mchanga huo unatoka kwenye vichochoro visivyo na lami huko juu, kwenye viwanja vilivyofyekwa vikaachwa wazi, kwenye malundo ya mchanga wa ujenzi yanayomwagwa kando ya barabara yakakaa miezi. Maji yakiteremka kwa kasi yanaubeba. Yakifika kwetu, ambako ni tambarare, kasi inakufa na mchanga unatua. Hapo ndipo chupa inapokuja kumalizia: inakwama mdomoni mwa kalavati, inanasa kijiti, kijiti kinanasa tambara, na mchanga unajipanga nyuma yao.

Kazi yangu ni vipimo, kwa hiyo nimeupima mtaro. Una upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Mchanga ukipanda hadi sentimita 30 watu husema bado tunayo nusu. Hatuna. Maji yanasuguana na sakafu na kuta za mtaro, na yakibanwa kwenye nafasi ndogo yanakwenda taratibu zaidi, kwa hiyo mtaro uliojaa mchanga nusu hauwezi tena kupitisha nusu ya maji uliyokuwa ukipitisha. Sasa fikiria mvua ya milimita 50, ambayo masika yetu huweza kuishusha kwa siku moja. Ikinyesha juu ya eneo la mita 100 kwa mita 100 ni lita 500,000. Ni sawa na maboza 50 ya lita 10,000 kila moja, yamefunguliwa juu ya mapaa yetu. Zamani ardhi ilikunywa sehemu kubwa. Siku hizi kwetu ni bati na saruji, ukuta kwa ukuta, na maji yote hayo yanautafuta mtaro mmoja.

Genge la wazibuaji likija, huwa nasimamisha cherehani nikatazama. Wanaanza na mtaimbo, wanauchomeka kwenye ukingo wa kifuniko cha zege, wawili wanakandamiza, wa tatu anasukumiza jiwe chini ili kifuniko kisirudi kikamponda mtu vidole. Harufu inatoka kwanza. Kisha mmoja anakunja suruali, anashuka, tope linamfika magotini, na anaanza kupandisha kwa chepe. Hilo tope si la kahawia kama la shambani. Ni jeusi, linang'aa kama grisi, na chepe likilikata linaacha ukuta laini uliosimama wima. Nimeona vikitoka kandambili zisizo na mwenzake, nepi, nywele bandia, bati, sufuria iliyotoboka, chupa zilizovunjika. Kijana mmoja alikatwa na chupa katikati ya unyayo, kwa sababu siku hiyo gambuti zilikuwa jozi mbili na watu walikuwa watano. Tulimfunga kwa kitambaa changu, akaenda zahanati kwa bodaboda ya jirani. Gambuti, glovu na chanjo ya pepopunda si takrima kwa watu hawa. Ni vifaa vya kazi kama chepe lilivyo.

Siku moja msimamizi wao, mzee mtaratibu sana, alinyanyua kwa ncha ya reki fundo la matambara, akalisuuza kidogo kwenye maji, akanionyesha. Ilikuwa kitenge cha rangi ya machungwa, na kata ile niliijua: ni mkato wa shingo, umbo la mwezi mchanga, na ulitoka mezani kwangu. Mzee hakunisema. Aliniambia tu, "Fundi, hivi haviozi upesi." Tangu siku hiyo vipande vyangu vyote vinaingia kwenye kiroba, na kila Ijumaa anapita kijana anayevinunua kwa ajili ya kujazia mito. Nimewaomba mafundi wenzangu wanne wa mstari wetu wafanye hivyohivyo, na watatu wanafanya. Nalisema hili kwa sababu sipendi mtu anayelidai jiji huku akifagia uchafu wake kuelekea mtaroni.

Sasa nieleze kwa nini nimeomba lori, wakati ningeweza kuomba watu zaidi wa kuzibua au mtaro mpya.

Mwaka mmoja kazi ya kuzibua ilikabidhiwa kwa mkandarasi. Vijana wake walifanya kazi nzuri, siwezi kuwanyima sifa. Walifika hadi sakafuni. Mtu wa cherehani anaijua sakafu ya mtaro kwa sikio: chepe likiwa kwenye tope halina sauti, likigonga saruji linalia kama sarafu iliyoanguka sahanini. Siku tatu nilisikia mlio huo kutoka kona ya msikiti hadi kwenye kalavati, nikafurahi. Lakini kila chepe lililopanda liliwekwa pembeni. Walipoondoka, ukingoni kulikuwa na tuta jeusi refu kama mwili wa nyoka, limepita mbele ya milango yetu yote. Nilimfuata msimamizi nikamsalimu, nikamuuliza gari linakuja lini. Akanijibu kwa upole, "Mama, mkataba wangu unaishia hapa ukingoni."

Kumbe alilipwa kwa mita za mtaro zilizozibuliwa. Kubeba ilikuwa kazi ya mwingine, kwenye karatasi nyingine.

Watoto waliruka lile tuta, pikipiki zikalikanyaga, kuku wakalichakura. Siku ya nane ilinyesha usiku. Nilikuwa na gauni 24 za kwaya, satini nyeupe, za Pasaka. Nilifika saa kumi na moja alfajiri nikakuta maji yamefika kwenye kanyagio la cherehani na satini imekunywa weusi kutoka chini kwenda juu, kama utambi unavyonyonya mafuta. Nilikata upya gauni 9. Mwenyekiti wa kwaya alinivumilia na Mungu amlipe. Mvua ilipokatika nilitoka nje kutazama tuta. Halikuwapo. Lilikuwa limerudi lote mtaroni, na mtaro ulikuwa vilevile kama kabla vijana hawajaja, isipokuwa sasa fedha ilikuwa imekwisha kulipwa.

Kwa hiyo mtaro ambao tope lake bado liko ukingoni mimi siuhesabu kuwa umezibuliwa.

Naelewa kwa nini kubeba kunakwepwa. Chukua mita 100 tu za mtaro kama wetu, zenye mchanga wa sentimita 30. Hizo ni mita 18 za ujazo, na mchanga uliolowa ni mzito: tani 30 hivi. Lori la tani 10 linapiga safari tatu kwa mita 100. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mbali na mitaa yetu, na barabara za kwenda huko zina foleni. Dizeli ndiyo inayokula bajeti, chepe halili kitu. Mkandarasi akiachiwa mwanya wa kutobeba, hatabeba. Tena tope bichi likipakiwa linachuruzika njia nzima. Ndiyo maana natamani kila kata iwe na kiwanja kidogo chenye sakafu na ukuta mfupi, ambako tope litapelekwa kwanza kwa safari fupi, lichuje maji siku kadhaa, kisha liende dampo likiwa jepesi. Lori lilelile linafanya mitaa mingi zaidi kwa siku. Na mkataba uandikwe kwa tani zilizofika, mizani iwe shahidi. Malipo ya mita za mtaro peke yake yanamwambia mkandarasi aishie ukingoni.

Mtu ataniuliza kama nimesahau mto. Sijasahau. Desemba 2011 mvua iliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Nilikuwapo. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini, na ukikasirika Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa na mabasi yanasimama. Mtaro wa sentimita 60 hauzuii mto, na kazi ya bonde lile ni ya miradi mikubwa. Lakini nimepitia kurasa zangu za nyuma moja baada ya nyingine. Siku nyingi nilizoandika "maji ndani", mto ulikuwa ndani ya kingo zake. Maji yaliyonitia hasara yalikuwa ya mapaa yetu wenyewe, yaliyotaka kupita yakakosa pa kupita. Hayo yanamalizwa na chepe na lori.

Wala hatuwezi kusema hatujui mitaro iko wapi. Kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa walizunguka jiji hili katika mradi wa Ramani Huria, wakichora nyumba, vichochoro na mitaro, wakawauliza wakazi maji huingia wapi na hufika wapi. Ramani hizo ziko wazi kwa mtu yeyote. Na hatuwezi kusema hatuchangii. Tangu bajeti ya mwaka 2021, kila lita ya petroli na dizeli imeongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini. Kijana wa bodaboda anayeniletea vitambaa kutoka Kariakoo anachangia kila asubuhi anapojaza tenki, na mimi namchangia yeye kwenye nauli. Barabara isiyo na mtaro unaopitisha maji haina maisha. Maji yakituama pembeni yanaingia chini ya lami, magari yanapita juu, lami inapasuka, shimo linazaliwa, na mwaka unaofuata tunaziba viraka palepale. Mimi na anayetaka lami, nadhani, tunaomba kitu kimoja.

Jirani yangu wa duka la vipuri anataka mtaro ufunikwe wote, tusiuone tena. Mimi naogopa. Usichokiona hukikumbuki, na kifuniko kisichonyanyuka ni kaburi la mtaro. Vifuniko viwe vifupi, watu wawili waweze kukinyanyua kimoja, na kila baada ya mita chache pawe na shimo la kutegea mchanga, lenye kina kuliko mtaro wenyewe, ili mchanga utue hapo pa kuchotwa kwa urahisi.

Jambo jingine ambalo halihitaji hata fedha: ratiba. Ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, tarehe ya kuzibua na tarehe ya kubeba, mtaa kwa mtaa. Mama wa mgahawa ataondoa meza zake mapema, mwenye gari ataegesha kwingine, mwenye lundo la mchanga wa ujenzi atalihamisha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunapotoka kufanya usafi, tutajua tuchimbe wapi na tusichimbe wapi. Nimewahi kushuhudia watu 30 wenye nia njema wakitoa tope asubuhi nzima, wakalirundika ukingoni, wakapiga picha wakaenda kuoga. Sikuwalaumu. Hakuna aliyewaambia gari linakuja lini, kwa sababu halikuwapo.

Mwaka huu genge limekuja mapema, Februari, na msimamizi ni yule mzee wa reki. Nimempa shikamoo, nimemuuliza kuhusu lori. Amesema ameahidiwa. Nimefungua daftari upande wa nyuma nikaandika: "Chepe limegonga saruji, saa nne na nusu asubuhi." Chini yake nimeacha mstari mtupu, wa kuandika saa ambayo lori litafika.

Fundi cherehani, Dar es Salaam