Kwangu ni Eddie Robinson wa Grambling

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama kocha mkubwa apimwe kwa mechi alizoshinda au kwa watu aliowalea. Mimi nasema watu, na namtaja Eddie Robinson, aliyefundisha futiboli ya Marekani katika chuo cha Grambling, Louisiana, kuanzia 1941 hadi 1997.

Kwa mechi pia hashikiki kirahisi. Alishinda 408, akapoteza 165, akatoka sare 15. Msimu wa 1942 timu yake ilimaliza bila kuruhusu hata pointi moja. Mwaka 1985, mjini Dallas, akaipita rekodi ya ushindi 323 ya Bear Bryant, kocha wa Chuo Kikuu cha Alabama. Lakini tazameni alikoanzia. Alikuwa kijana wa miaka 22, akilipwa senti 25 kwa saa katika kiwanda cha chakula cha mifugo Baton Rouge, alipokabidhiwa timu ya chuo kidogo cha Weusi wakati sheria za ubaguzi zikitawala Kusini yote ya Marekani. Nyasi za uwanja alizikata mwenyewe. Wachezaji aliwafunga bandeji mwenyewe, na habari za mechi akaziandika na kuzipeleka magazetini. Safarini walibeba chakula chao, maana migahawa mingi ya njiani haikuwahudumia Weusi. Asubuhi alipita bwenini akipiga kengele, vijana waamke waende darasani. Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko popote.

Vijana wake zaidi ya 200 walifika ligi za kulipwa. Tank Younger alitangulia mwaka 1949 na Los Angeles Rams, akiwa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kuingia NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. Nafasi iliyobaki imefungwa kwa muda mrefu ni ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Wenye timu walidai Mweusi hana akili ya kuongoza wenzake, hivyo waliokuja na kipaji hicho wakahamishiwa nafasi nyingine. Robinson aliukataa uongo huo kwa kazi. Alimwandaa James Harris, ambaye mwaka 1969 alianza msimu akiwa kwotabeki wa Buffalo. Baadaye akaja Doug Williams. Tarehe 31 Januari 1988, San Diego, Williams aliiongoza Washington kuilaza Denver 42–10 katika Super Bowl, fainali ya NFL, akirusha pasi nne za touchdown, yaani za kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, katika robo ya pili peke yake. Akawa kwotabeki Mweusi wa kwanza kushinda fainali hiyo, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Mwalimu wake alikuwepo uwanjani.

Wapo watakaosema misimu yake mitatu ya mwisho ilikuwa mibaya. Ni kweli, alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Ila vyuo vikubwa vya Kusini vilivyowafungia Weusi milango kwa miongo mingi vilikuwa vimeshaanza kuwachukua vijana walewale ambao zamani wangekwenda Grambling, tena kwa viwanja na fedha ambazo Robinson hakuwahi kuwa nazo.

Na anayetaka kumshusha kwa kuwa hakuwahi kuongoza timu ya NFL akumbuke kwamba tangu miaka ya 1920 ligi hiyo haikumpa Mweusi yeyote ukocha mkuu hadi Art Shell mwaka 1989. Wakati huo Robinson alikuwa na miaka 70.