Jibu: Funzo la maisha kutoka sayansi, vijana wasisinzie

Jambo mwalimu. Umesema vijana wako wanasikiliza sayansi vizuri, lakini ukifika kwenye "funzo la maisha" wanasinzia. Angalia kwanza ni nani anayelitamka hilo funzo. Ukilitamka wewe, kwao yamekuwa mahubiri.

Mimi hapa Goma naanza na mazuku, maana kila mmoja anayajua. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini: nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inatulia kwenye mashimo pasipo na upepo. Mbuzi aliyeinamisha kichwa anakufa, na mtu mzima aliyesimama karibu hajahisi kitu. Naeleza hivyo tu, kisha nauliza: nyumbani kwetu ni nani anayeumia wa kwanza, sisi wakubwa tukiwa hatuoni? Halafu nanyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Wanataja mambo ambayo nisingeyatunga kamwe.

Hadithi za sungura na fisi nazo zikatishe kabla ya mwisho, wamalizie wenyewe.

Ila tafadhali usipinde ukweli wa sayansi ili funzo lipendeze. Wakigundua, hawatakuamini tena. Kwa watoto wadogo sijaijaribu njia hii. Mazuku yangewatisha usiku.