Repo kubwa, mtandao wa kisiwani: ushushe yote au kipande?

Mkuu, umeuliza kwa nini ukiklona (kunakili kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi) repo, yaani ghala la mradi, ya GB 2 ukiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, inakatika njiani na kuanza sifuri, na kama `--depth 1` ndiyo dawa.

Tatizo si ukubwa peke yake. `git clone` haiwezi kuendelea pale ilipoishia. Mtandao ukiyumba kidogo unaona `early EOF`, halafu `index-pack failed`, na folda nzima inafutwa. Bando limeungua na huna hata faili moja. Kwa hiyo omba kidogo kidogo.

`--depth 1` inaleta komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho tu. Kama unataka kuijenga programu na kuitumia, inatosha kabisa. Kama unaandika kodi humo, usiiache hivyo: `git blame`, inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itamtwisha mtu mmoja mistari yote, na matawi (njia sambamba za kazi) mengine huyaoni kwa sababu `--depth 1` hufuata tawi moja. Irefushe historia:

`git fetch --deepen=200`

Rudia. Kila hatua iliyokamilika imeshahifadhiwa. Ikikatika unapoteza hiyo moja tu. Historia iliyobaki ikiwa fupi, malizia na `git fetch --unshallow`, kisha `git remote set-branches origin '*'` na `git fetch` upate matawi yote.

Kwa kazi ya kila siku mimi napendelea `git clone --filter=blob:none`, mradi seva iwe inaikubali. Inaleta komiti zote, lakini yaliyomo ndani ya mafaili ya zamani yanabaki kwenye seva hadi uyahitaji. `git log` ya kawaida, yaani orodha ya komiti, inafanya kazi hata bila mtandao. Ila ukipiga `git blame` mtandao ukiwa umelala, unapata `could not fetch ... from promisor remote`, na hapo hakuna ujanja. Faili unalojua utalichimba, lipigie blame mapema ukiwa na mtandao. Ukihitaji folda moja tu ya mradi mkubwa, ongeza `--sparse`, kisha `git sparse-checkout set` na jina la folda.

Lakini kwa GB 2, ushauri wangu wa kweli ni flashi. Mtu aliyeko Mwanza mjini kwenye mtandao mzuri afanye `git clone --mirror` (nakala yenye matawi yote), aingie kwenye folda yake, afunge repo nzima kuwa faili moja:

`git bundle create mradi.bundle --all`

Asisahau `--mirror`, la sivyo utapata tawi moja. Flashi ya FAT32 haipokei faili la kuanzia GB 4, kwa hiyo repo kubwa zaidi itataka flashi iliyofomatiwa exFAT. Akupe kwa meli. Wewe:

`git clone mradi.bundle mradi`

Ingia ndani, elekeza origin (jina la mahali repo ilikotoka) kwenye seva halisi kwa `git remote set-url origin` na anwani yake, halafu `git fetch`. Hapo unashusha komiti mpya tu, na historia yote unayo.