Ijue Mashine Inavyoipata Namba Kabla ya Kuiamini

Anayemuuguza mgonjwa nyumbani siku hizi hukabidhiwa vifaa ambavyo zamani vilikuwa vya wodini tu: mashine ya presha inayotumia betri, kibanio cha kupima oksijeni kidoleni, kipimo cha sukari, na pengine kihisi cha sukari kinachobandikwa mkononi na kupeleka taarifa kwenye simu. Nimemuuguza mama yangu kwa miaka kadhaa nikiwa na karibu vyote hivyo mezani, na ushauri wangu kwa anayeanza kazi hiyo ni mmoja: kabla hujaiamini namba inayotokea kwenye kioo, fahamu mashine imeitoa wapi. Vingi kati ya vifaa hivi havipimi moja kwa moja kile kinachoandikwa kwenye kioo chake, bali hupima kitu kingine kinachohusiana nacho, kisha hukokotoa. Ukishakijua hicho kitu kingine, utajua pia ni mambo gani yanayoweza kuivuruga hesabu, na maelekezo ya kijitabu yataacha kuonekana kama masharti ya mganga.

Nianze na oksimita, yaani kile kibanio cha kidoleni, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha watu kwa wepesi zaidi. Kanuni yake ilibuniwa Japani na mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, aliyeitangaza mwaka 1974. Kinachonivutia ni kwamba hakuanza kwa kutafuta oksijeni. Alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, kwa kuangaza mwanga sikioni baada ya mgonjwa kudungwa rangi mshipani, na mapigo ya mishipa yalikuwa yakimvurugia mchoro wake. Katika kuhangaika kuyaondoa mapigo hayo ndipo alipong'amua kwamba ndiyo yenye habari. Damu ya ateri, yaani ya mishipa inayotoka moyoni, ndiyo inayopwita. Ukiichukua ile sehemu ya mwanga inayopandashuka pamoja na mapigo, umeiweka kando ngozi, nyama na mfupa, umebaki na damu itokayo moyoni. Kibanio cha leo hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa imeibeba hunyonya zaidi infraredi, ikiwa haijaibeba hunyonya zaidi mwekundu, na uwiano wa hizo mbili hugeuzwa kuwa asilimia.

Kutokana na hayo, mengi yanajieleza yenyewe. Kidole chenye baridi hakina mpwito wa kutosha, na mashine hulazimika kukisia. Rangi ya kucha huzuia mwanga. Mgonjwa anayetetemeka huipa mashine mpwito wa uongo. Mtu aliyevuta moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa anaweza kusomeka 98 ilhali mwili wake umekosa oksijeni, kwa sababu himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi huonekana kwenye kibanio kama iliyobeba oksijeni. Hapo namba haina kazi, na mgonjwa atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Mama yangu alikuwa akiamka na vidole vilivyopoa, na kibanio kikaonyesha 88 wakati anaongea sentensi ndefu bila kuhema. Niliuweka mkono wake ndani ya blanketi, nikausugua, nikarudia baada ya dakika chache, na namba ikasimama 95. Tangu hapo nikawa na kawaida moja ambayo namhimiza kila mtu aifuate: shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo mwenyewe, ulinganishe na mapigo yanayoonyeshwa na oksimita. Yasipolingana, achana na ile asilimia, kwa maana mashine haijaushika mpwito inaoutegemea.

Lipo pia jambo la rangi ya ngozi, ambalo wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulifahamu bila kuogopa. Melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, nayo hunyonya mwanga. Utafiti wa madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa Desemba 2020 ulilinganisha oksimita na vipimo vya damu ya ateri, ukaonyesha kwamba pale kibanio kiliposoma kati ya 92 na 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Hii haimaanishi kwamba kifaa kitupwe. Maana yake ni kwamba mwelekeo una uzito kuliko namba moja: mpime mgonjwa wako siku ambazo hali yake ni njema, uandike, ili siku akishuka kutoka 97 hadi 93 ujue kwamba ameshuka, hata kama 93 ikionekana nzuri kwenye karatasi. Na anayehema, mwenye midomo iliyobadilika rangi au aliyechanganyikiwa, apelekwe hospitali hata kama kibanio kinampa 96.

Mashine ya presha ina hadithi nyingine. Mkanda unaojazwa hewa ulibuniwa na Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkoff, daktari wa Urusi, akaeleza jinsi ya kusikiliza sauti za ateri hewa inapotolewa polepole. Mashine ya betri haisikilizi chochote. Inachokihisi ni mitikisiko midogo ya hewa ndani ya mkanda. Mitikisiko inapokuwa mikubwa kabisa, hapo pana shinikizo la wastani, na namba za juu na chini hukokotolewa kutoka hapo kwa fomula ya mtengenezaji. Ndiyo maana mkono ukitikisika, au mapigo ya moyo yakiwa hayana mpangilio, majibu huyumba. Mama alipenda kunisimulia habari za majirani wakati mkanda unajaa, na habari ikiwa na moto kidogo presha nayo ilipanda. Ilinibidi nimwombe kwa adabu anisubirishe mpaka mashine ilie.

Mgonjwa akae ameegemea, miguu sakafuni, atulie dakika 5. Mkono uwekwe juu ya meza, mkanda usawa wa moyo, kwa kuwa kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza kati ya milimita 7 na 8 za zebaki ambazo si presha ya mgonjwa bali ni uzito wa damu yenyewe. Ukubwa wa mkanda nao si jambo la hiari: mzingo wa mkono upimwe kwa futikamba ya fundi cherehani na ulinganishwe na kipimo kilichoandikwa kwenye mkanda, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyokuwapo, na mtu akaishia kuongezewa dawa. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika 1, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7 kabla ya kliniki. Kumbuka pia kwamba kwa vipimo vya nyumbani mpaka unaotumika sana ni 135/85, si 140/90 ya kliniki.

Kwenye kipimo cha sukari nitasema machache. Stripu, kile kijiti cha kupokelea tone la damu, ina kimeng'enya kinachoishambulia glukosi, yaani sukari, na mashine hupima mkondo mdogo wa umeme unaozaliwa. Kimeng'enya hakitofautishi sukari ya damu na sukari ya tunda lililomenywa sasa hivi, kwa hiyo mikono ioshwe kwa maji na sabuni na ikaushwe. Chupa ya stripu isiachwe wazi, kwa sababu unyevu huziharibu. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinaruhusu matokeo yapishane na maabara kwa asilimia 15 sukari inapokuwa miligramu 100 kwa desilita au zaidi, kwa hiyo 180 na 200 zisiwagombanishe.

Kihisi cha kubandika hakigusi damu kabisa. Husoma majimaji yaliyo kati ya seli, ambako sukari hufika kwa kuchelewa, mara nyingi dakika 5 hadi 15. Baada ya mlo au mazoezi pengo hilo huonekana wazi. Usiku, mgonjwa akilalia upande wenye kihisi, majimaji husukumwa kando na simu hulia kwamba sukari imeshuka. Mgeuze, mchome kidole, uhakikishe. Ila ukimkuta anatokwa jasho, anatetemeka au anaongea ovyo, mpe kitu chenye sukari kwanza ikiwa anaweza kumeza, halafu ndipo upime. Asiyeweza kumeza asiwekewe chochote mdomoni, bali apelekwe hospitali upesi.

Hata vifaa vinavyotibu husikiliza kwanza. Kifaa cha kurekebisha mapigo, ambacho Arne Larsson wa Sweden alikuwa wa kwanza kupandikizwa tarehe 8 Oktoba 1958 (kilidumu saa chache tu, naye akaishi hadi 2001 kwa vingine zaidi ya 20), husubiri umeme wa moyo kabla ya kuamua kama kuna haja ya kuusukuma. Sumaku huweza kukibadilisha utaratibu, na simu nyingi za sasa zina sumaku ndani. Simu isiwekwe kwenye mfuko wa kifuani, ikae angalau sentimita 15 kutoka kifaa kilipo, na kadi ya kifaa itembee na mwenyewe.

Mkienda kliniki, beba mashine ya presha pamoja na daftari. Mwombe muuguzi apime kwa ya kwao na wewe upime kwa yenu, mkono uleule, kwa kupokezana. Tofauti ikizidi milimita 10 kila mara, tafuteni mashine nyingine. Kisha mwombe daktari aandike ndani ya jalada la daftari namba ambazo mgonjwa huyu, kwa ugonjwa wake huu, akizifikia unampigia simu, na zile ambazo akizifikia hupigi simu bali mnaondoka.