Maswali ya Wasomaji: Uyoga tunaoula, vitabuni haumo

SWALI: Shikamooni wahariri. Huku kwetu Masasi, mvua zikishakolea, huota kwenye miombo uyoga wenye kofia ya rangi ya chungwa iliyopauka na kijifuko cheupe chini ya shina. Bibi zetu wameuchuma miaka nenda rudi. Nimeulinganisha na picha za vitabu viwili, sikuuona. Je, ni spishi mpya? Nifanye nini ili uandikwe, na unaweza kuitwa kwa jina la bibi yangu?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba. Spishi mpya ni ile ambayo haijaandikwa kisayansi, hata kama wenyeji wameijua siku zote. Termitomyces titanicus, uyoga wa vichuguu ambao kofia yake hukaribia upana wa mita moja, ulipewa jina hilo na wataalamu Pegler na Piearce mwaka 1980, wakati Wazambia walikuwa wakiula zamani. Na Masasi yenyewe tayari imo: Amanita masasiensis iliandikwa mwaka 1994 na Härkönen na Saarimäki. Kijifuko ulichokitaja kinatupeleka kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) hiyo hiyo ya Amanita, kwa hiyo anza kwa kuulinganisha wako na huo. Jenasi hii ina uyoga mtamu na pia ina ule unaoua, basi kila hatua ifuate kwa makini.

Kazi inaharibika zaidi msituni kuliko maabara. Chagua uyoga watano hadi kumi, kuanzia ule uliofungana kama yai hadi uliokwisha kufunguka. Usiung'oe kwa kuvuta, maana kijifuko hubaki ardhini, na Amanita isiyo na kijifuko haina ushahidi. Chimbua kwa kisu. Kabla ya kuuchimbua piga picha, uyoga ukiwa bado umesimama mahali pake. Ukishautoa, piga upande wa chini wa kofia, halafu uukate katikati toka juu hadi chini na kuupiga tena, rula ikiwa pembeni. Hapo hapo andika tarehe, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu (GPS), harufu, na kama nyama inabadilika rangi baada ya kukatwa (tazama mara moja, kisha baada ya nusu saa). Andika pia miti iliyo jirani na uchukue majani yake. Amanita nyingi huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti, kwa hiyo mti ni sehemu ya maelezo.

Usidharau rangi. Uyoga ukikauka, rangi hupotea kabisa. Bi Goossens-Fontana alipokusanya uyoga wa Kongo aliuchora pia kwa rangi za maji, na michoro hiyo inasaidia mpaka leo pale ambapo sampuli zimebaki kahawia tupu.

Nyumbani, fanya mambo matatu siku hiyo hiyo. Kwanza, kata kofia iliyokomaa, iweke juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, na uifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Vumbi litakaloanguka ni spora, yaani chembe za uzazi za uyoga, na rangi yake ni alama kubwa. Kofia changa haitoi kitu. Pili, toa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kutoka ndani ya nyama ya kofia, mahali ambapo hapajaguswa na udongo, ukitie kwenye chembe za silika, zile za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hicho ni cha kupima vinasaba. Tatu, kausha uliobaki kwenye kikaushio chenye upepo, nyuzi 40 hadi 45, mpaka uvunjike kama chipsi kavu ukiukunja. Joto likipanda sana unaupika: chembe zinajikunja na vinasaba vinakatika. Ukiuacha kwenye jua la masika, funza watakuwa wa kwanza kuuchambua. Mfuko wa plastiki usiutumie kubebea, uyoga hutoka jasho na kuoza njiani. Mfuko wa kaki unafaa. Namba moja iandikwe kwenye picha, karatasi ya spora, kipande cha vinasaba na sampuli kavu. Sampuli ambayo namba zake zimechanganyika haifai kitu, hata ikiwa nzuri namna gani.

Hapo ndipo unapomwona mtaalamu, kwa mfano kupitia hebaria (hazina ya sampuli zilizokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usitume kitu nje ya nchi kwa posta. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtaalamu atapima spora 30 au zaidi kwa hadubini, na kudondosha iodini ya Melzer kuona kama zinageuka bluu-nyeusi. Kipimo hicho hugawa Amanita katika makundi mawili. Kisha atasoma kipande cha vinasaba kiitwacho ITS, kilichokubaliwa mwaka 2012 kama alama rasmi ya kutambua fangasi.

Kosa linalowapata wengi ni hili: kompyuta ikilinganisha vinasaba na kusema hakuna kinachofanana, wanashangilia. Aina nyingi za uyoga wa Afrika hazijawahi kusomwa vinasaba. Huenda uyoga wako uliandikwa na mtaalamu wa uyoga Beeli miaka ya 1930 kutoka Kongo, na sampuli yake imelala katika bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji. Lazima ulinganishwe na sampuli hizo za zamani, zilizobeba jina mwanzoni.

Kuhusu jina: tangu 2012 maelezo yanakubalika kwa Kilatini au Kiingereza, tangu 2013 ni lazima jina lisajiliwe na kupata namba. Pia sampuli mama, ile inayobeba jina, lazima itajwe imehifadhiwa hebaria gani. Jina la bibi linaruhusiwa, na kwa mwanamke huwekwa mwisho wa -ae. Tungependa pia jina la wenyeji na namna ya kuupika viandikwe. Vikiachwa, maelezo yamepungukiwa.

SWALI: Ukishapewa jina la kisayansi, si ndiyo kusema unalika?
Msomaji, Iringa

JIBU: Hapana. Jina linasema ni nani, si kwamba ni salama. Tena usitegemee kijiko cha fedha wala kitunguu saumu kubadilika rangi. Sumu ya Amanita wauaji haigusi hivyo, na kuchemsha hakuiondoi. Kutapika huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, mgonjwa hupata nafuu ya uongo, kisha ini hufa. Ukitapika saa nyingi baada ya kula uyoga, nenda hospitali na mabaki ya uyoga mkononi, hata kama umeshajisikia vizuri.

SWALI: Uyoga mweupe mkubwa kwenye nyasi, nitautofautishaje na wa kichuguu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Weka kofia kwenye karatasi nyeupe usiku. Vumbi la kijani ni Chlorophyllum molybdites, unaotapisha ndani ya saa chache. Wa kichuguu hutoa vumbi la waridi hafifu, na ukichimba taratibu utaona shina limeendelea chini kama mzizi mrefu mpaka kwenye makazi ya mchwa.